Ndiyo ya Kop

Nesi Wilaiwan alichukia kuambiwa ndiyo. Nagawa dawa dirishani, yeye anapokea wagonjwa chumba cha pili, na kati yetu ni ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nasikia yote.

Tangu sheria iruhusu bangi, duka lenye picha ya jani la kijani limefunguliwa mbele ya zahanati yetu hapa mkoani Phetchaburi. Vijana wakaanza kutujia na vikohozi na usingizi uliopotea. Wilaya ikampeleka Wilaiwan kufundishwa ushauri mfupi: uliza bila kukemea, sikiliza, mwache kijana mwenyewe aseme atabadilisha nini, dakika chache, mwingine aingie. Kwenye mafunzo ni jambo zuri sana. Ila sisi watoto wetu tumewalea wasimpinge mkubwa. Ungependa kupunguza? Ndiyo. Au uendelee tu? Ndiyo. Anakutanisha viganja, anainama, anatoka, anavuka barabara moja kwa moja hadi dukani. Adabu hiyo ilinitia hasira kuliko matusi.

Msimu wa joto akaja Kop. Kop maana yake chura, jina la utani la utotoni, na bado huyo chura ndiye anayepanda miti ya mivumo kugema utomvu, mama yake akiuchemsha kuwa sukari. Aliteleza kwenye ngazi ya mianzi, akajizuia kwa kuukumbatia mti. Ngozi yote ya kifua ilikuwa imechubuka.

"Ulivuta kabla ya kupanda?" Wilaiwan akamuuliza huku akimsafisha.

"Ndiyo, dada."

"Kila siku?"

"Ndiyo, dada."

"Na utaacha?"

"Ndiyo, dada."

Nikasikia bakuli la dawa likibamizwa mezani. "Kop, mimi ni mwanamume?"

"Ndi... nini, dada?"

"Nakuuliza. Mimi ni mwanamume?"

"Hapana, dada," akasema, na kicheko kikamtoka.

"Haya! Kumbe neno unalo. Sasa niambie kweli. Kesho utapanda bila kuvuta?"

Bibi mmoja dirishani kwangu akanigongea. "We mama, dawa yangu!"

"Subiri kidogo bibi, hufi!"

"Hapana," Kop akasema. "Nikipanda bila kuvuta naogopa. Baba alianguka kutoka mti uleule, akafa. Nikivuta, simuoni."

Wilaiwan hakumhubiria. Alimuuliza tu mwenyewe angetaka nini. Kop akajibu, polepole, kwamba kesho hatavuta, na hatapanda. Alipotoka nilichungulia dirishani. Hakuvuka barabara. Nilifurahi kama mjinga.

Wiki iliyofuata akaja mama yake, Samruai, na sukari aliyoifunga kwenye jani.

"Nashukuru sana, nesi. Mwanangu sasa anakula, anazungumza na mimi. Ila hapandi. Utomvu unachacha huko juu. Naomba umkubalie avute asubuhi tu, kidogo, apate moyo."

"Mama Samruai, mti ule ulimuua mumeo."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwokota." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na goti hili halipandi. Utanipandia wewe?"

Nikaacha dirisha, nikasimama mlangoni kwao. Nilimkasirikia huyo mama, nikawakasirikia zaidi waliomfundisha Wilaiwan kwamba kijana akitaka kuacha, ataacha, kana kwamba nyumbani kwake hakuna mtu mwingine anayetaka kula.

"Tafuta mtu mwingine wa kugema," Wilaiwan akasema.

"Vijana wote wamekwenda viwandani, nesi."

"Basi akipanda, asipande akiwa amevuta. Amekwishateleza mara moja. Mara ya pili utamwokota na yeye. Umenielewa?"

Samruai akakutanisha viganja, akainama chini kuliko inavyompasa mtu wa umri wake mbele ya mtu aliye mdogo kwake.

"Ndiyo, nesi."

Wilaiwan akamshika mikono. "Mama, usiniambie ndiyo. Kama utampa avute, sema hapana. Gombana na mimi. Nakuomba, sema hapana."

Samruai akamtazama kwa upole, akaisogeza ile sukari karibu naye juu ya meza.

"Ndiyo, nesi," akasema.