Mwenyekiti Husaini Mwisho

Ukitaka kumkasirisha yule kinyozi wa nyuma ya shule, usimwambie amekunyoa vibaya. Hilo atacheka tu, atakwambia nywele zitaota. Mwambie kwamba shule ni ya wizara. Hapo mashine itazimwa, nawe utakaa na kichwa nusu msitu nusu uwanja mpaka amalize hotuba.

Shule ni yetu, ndivyo alivyosema siku zote. Baba yake alibeba mawe ya msingi, yeye mwenyewe alipiga lipu darasa la tatu, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Cheo hicho hakikuwa na ofisi, kwa hiyo ofisi ilikuwa saluni yake: benchi la wanaosubiri, kiti cha kuzunguka ambacho kilikubali kushuka lakini hakikukubali kupanda, na kioo kikubwa chenye fremu ya mbao. Nyuma ya fremu ile ndimo zilimokaa karatasi zote za shule. Kulia zilichomekwa za kukaa, kushoto za kwenda. Kila Ijumaa mchana Katibu wa kamati, fundi viatu wa mlango wa pili, aliingia bila hata kubisha hodi, akachomoa za kushoto, akazigonga muhuri na kuzipeleka posta. Utaratibu huo haukuwahi kukosea, na walijisifu sana kwa hilo. Kilichokosekana ni majibu tu. Barua kumi na mbili kuhusu paa la darasa la tatu zilikwenda wizarani, na wizara ikatulia tuli kama maji mtungini.

Enzi zile kamati ndiyo iliyoajiri walimu. Aliyetaka kazi alikalishwa kwenye kiti kile kinachoshuka, akahojiwa huku ananyolewa, na mtu mwenye wembe karibu na sikio huwa hana makuu. Swali lilikuwa moja miaka yote: ikiwa kichwa kimoja ni dakika ishirini, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kinyozi atanyoa vichwa vingapi? Mwalimu wa hesabu alipohojiwa, hakutaja namba yoyote. Alisimulia kisa cha kinyozi aliyemnyoa mteja mmoja mara mbili kwa kumsahau, benchi zima likashika mbavu, akapewa kazi siku ileile. Kwamba alikuwa kaka wa mke wa Kinyozi hakuna aliyelitaja, maana hakuna ambaye hakulijua.

Shemeji huyo alifundisha miaka tisa, na watoto walimpenda, Mungu ni shahidi. Alianza kipindi na mfanyabiashara mwenye machungwa sitini. Kipindi kikiisha, mfanyabiashara ameoa, amesafiri, ameibiwa punda, na machungwa hakuna ajuaye yamekwenda wapi. Matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka shule ilikuwa ya tatu kutoka mkiani, naye Kinyozi alieleza bila kupepesa macho kwamba mtihani umetungwa na watu wasioijua hali yetu.

Halafu wizara ikachukua kila kitu. Kuajiri ni kwake, kuhamisha ni kwake. Kamati iliachiwa kufyeka nyasi, na haki moja kama pole ya msiba: theluthi mbili ya wazazi wakitia saini, wanaweza kuomba mwalimu aondolewe. Shemeji akapelekwa shule ya mbali, safari ya siku mbili. Badala yake akaja msichana mwembamba mwenye miwani na begi moja, ambaye hakuna aliyemjua baba yake wala mama yake. Mtaa ulimwita Mgeni hata kabla hajafungua begi.

Mke wa Kinyozi alimlilia kaka yake siku tatu. Siku ya nne alipika chai ya mtu mmoja, akainywa mwenyewe, na mumewe akaelewa. Asubuhi hiyohiyo Kinyozi aliandika ombi: Mgeni aondolewe, Shemeji arudishwe, kwa kuwa watoto ni wetu na sisi ndio tunaowajua. Likaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Yeye mwenyewe hakusaini, kwa sababu ya desturi aliyoianzisha mwenyewe na kuipenda mno: mwenyekiti husaini mwisho, kwa kalamu nyekundu, chini ya mstari mrefu.

Sasa, Kinyozi alikuwa na binti mmoja, na huyo binti alikuwa darasa la saba, mwaka wa mtihani. Miaka yote ya mjomba wake alikuwa akiumwa tumbo siku zenye hesabu, na dawa yake ilikuwa Jumamosi. Tangu Mgeni afike, tumbo lilipona kimyakimya. Kinyozi alisema ni kwa sababu siku hizi wanachemsha maji.

Jioni moja binti alikuja kufagia nywele, akamkuta baba yake anachanganya dawa ya kuoshea mashine na nyembe, kwa kukadiria kwa jicho, kama kawaida. Akaichukua chupa, akasoma maandishi madogo, akapima kwa kifuniko: dawa kimoja, maji tisa. Akamwambia baba yake kwa adabu zote kwamba anachoweka yeye Baba ni nusu kwa nusu. Masikini Kinyozi! Kwa miaka yote wateja walikuwa wakiruka kitini kwa kuwashwa shingo, naye akiwaambia huo ndio usafi wenyewe. Wiki iliyofuata walimuuliza amebadilisha nini. Akasema amepata dawa ya aina mpya.

Alhamisi moja Katibu akaleta ombi limejaa. Saini hamsini na saba, akasema, na zinatosha na kubaki, maana Shemeji alikwisha kuwafundisha kwamba theluthi mbili ni nusu na ushee. Akarudi kwenye viatu vyake. Kinyozi akatoa kalamu nyekundu, akaivua kifuniko, akasita. Hakutaka wizara ipate sababu ya kumcheka. Akamgeukia binti yake, aliyekuwa benchini na daftari, akamuuliza theluthi mbili ya wazazi themanini na saba ni wangapi.

Hakushika hata penseli. "Gawa kwa tatu, ishirini na tisa. Mara mbili, hamsini na nane," akasema. "Mmepungukiwa na mmoja, Baba."

Kisha akainuka, akaisoma karatasi yenyewe. Uso ukamshuka. Huyo mmoja aliyepungua alikuwa ameketi mbele yake na kalamu nyekundu mkononi, na wote wawili wakalijua hilo kwa wakati mmoja. Kinyozi alitamani mtoto angekosea hesabu kama zamani, kisha akaona aibu kwa kutamani hivyo.

"Ungeweza kuniambia jibu lolote," akasema. "Nisingejua."

"Jibu ni jibu, hata kama hulipendi. Mwalimu ndivyo anavyosema."

Akamuuliza kama huyo mwalimu anafundisha vizuri. Binti akaiweka karatasi mezani. "Tumbo haliniumi siku hizi," akasema.

Mlangoni akaingia mteja. Kinyozi, kama mtu aliyefumaniwa, akairukia karatasi na kuichomeka nyuma ya kioo ili ikae humo mpaka igeuke rangi. Alifarijika sana. Mkewe alipouliza, alisema suala linashughulikiwa. Ila mkono wa mtu una mazoea yake, na mkono huu kwa miaka kumi na mitano, kila ulipomaliza na ombi lililojaa saini, uliliweka upande wa kushoto.

Ijumaa mchana Katibu aliingia, akachomoa. Aliona wino mwekundu haupo, akadhani Mwenyekiti amesahau, uzee huo. Akagonga muhuri.

Na wizara, ile ile ya barua kumi na mbili za paa, ikajibu kwa siku kumi na moja! Kumbe hata huko hakuna aliyegawa kwa tatu. Ombi lenu la saini hamsini na saba limekubaliwa, iliandikwa, mwalimu atahamishwa mwisho wa mwezi kwa barua itakayofuata, na mwingine ataletwa hali itakaporuhusu. Shemeji hakutajwa. Shemeji mwenyewe alimwandikia dada yake wiki hiyohiyo, kwamba huko amepangiwa kufundisha kusoma na hadithi, watoto hawataki kengele ilie, na tafadhali asitokee mtu wa kumrudisha. Mke wa Kinyozi akaisoma mara mbili, akasonya, akapika chai ya watu wote.

Kesho yake binti hakuamka kwenda shule. Mwalimu alikuwa amewaaga. Kinyozi alimkuta amejikunja upande, mikono tumboni, kama zamani. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ni mimi," akasema. "Sikusaini, lakini niliichomeka kushoto."

Binti hakugeuka. "Basi kaichomoe, Baba."

Ikabidi Kinyozi aandike ombi jingine: Mgeni abaki. Katibu akakuna kichwa, akamkumbusha kwamba sheria inazungumzia kuondoa, haizungumzii kubakisha. Kinyozi akajibu kwamba waliosikilizwa walipokosea hawatashindwa kusikilizwa wakijirudi. Kisha akafanya jambo ambalo Katibu bado analisimulia: akachukua kalamu nyekundu na kusaini juu kabisa, wa kwanza, kwenye nafasi finyu iliyompasa kupinda jina.

Alifunga saluni siku mbili. Alizipitia nyumba zilezile hamsini na saba, na nyingine juu yake, na kila mlango ulikuwa na swali lilelile: si wewe uliyetuambia tusimtake? Ndiyo mimi, akasema. Wengine walimwita ndani makusudi, wakamkalisha, wakamtaka arudie ndiyo mimi mbele ya watoto. Akarudia. Siku ya pili, alasiri, Katibu alitoka na aproni yake ya ngozi, akachukua nusu ya karatasi.

"Kinyozi hajinyoi, Mwenyekiti," akasema. "Nipe upande huu wa barabara."

Binti ndiye aliyehesabu. Saini themanini: zimezidi, Baba, zimezidi ishirini na mbili. Safari hii karatasi haikupita kwenye kioo. Kinyozi aliipeleka posta kwa miguu yake, akasimama hapo mpaka alipoiona imetupwa ndani ya mfuko.

Wizara haikujibu. Mwisho wa mwezi ukafika na ile barua itakayofuata haikufuata, mwezi mwingine ukapita, na Mgeni akaendelea kufundisha kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia aende wapi. Kinyozi, aliyeutukana ukimya wa wizara miaka kumi na mitano, siku hizo alinyoa akiuombea uendelee. Mtu wa posta akipita bila kusimama, alipumua.

Wiki moja kabla ya mtihani, Mgeni aliingia saluni. Alitaka kupunguzwa nywele. Akaketi, kiti kikashuka naye kama kawaida, na Kinyozi akamfunga taulo kwa heshima iliyopita kiasi, bila kumuuliza lolote. Benchini binti yake aliinamia daftari, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mwalimu akamtazama Kinyozi kwenye kioo. "Mwenyekiti, nasikia mimi sikuhojiwa," akasema. "Kuna swali nililoambiwa kila mwalimu aliulizwa hapa. Vichwa vya kutwa nzima. Jibu lake ni ngapi?"

Kinyozi akafungua kinywa. Alikuwa ameuliza swali hilo miaka yote, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Akamtupia jicho binti yake. Binti akageuza ukurasa, wala hakumwokoa.

Mashine ikazimwa. Hotuba haikuja.

"Sijui, Mwalimu," akasema Kinyozi. "Hebu nielekeze."

Mgeni akatoa mkono chini ya taulo kuomba kitu cha kuandikia. Kinyozi akatafuta huku na huku mezani, kisha akampa ile kalamu nyekundu.