Chokaa ya Siku Saba

Kaka yangu alikuwa mtia viraka wa barabara. Ndivyo alivyojiita mwenyewe kila alipoulizwa kazi yake, na mama akikasirika, akimtaka aseme anafanya kazi ya serikali basi, kwani uongo? Tuliishi Kisauni, katika nyumba ya mawe na udongo aliyotuachia baba. Jioni kaka alirudi ana lami mpaka kwenye nyusi. Alinawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kisha ndimu, na bado mama alisema kikombe chake chanuka barabara.

Kazi yao ilikuwa ile ile mwaka nenda mwaka rudi. Walichemsha lami ndani ya pipa kando ya njia, wakaichanganya na kokoto, wakajaza shimo, wakashindilia, wakaenda zao. Masika yakifika, maji yaliingia chini ya kiraka, kokoto zikaachana na lami, na shimo likarudi pale pale, pengine na jingine dogo pembeni. Wenzake hawakuona tabu, maana shimo likifumuka kazi ipo. Kaka alichukia. Alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kazi mbovu, na akipita karibu na kiraka chake kilichofumuka aligeuza uso upande wa pili.

Basi akaanza kuokota. Mabonge ya lami kuukuu yaliyong'olewa barabarani, ambayo wenzake waliyatupa mtaroni, yeye aliyaleta nyumbani ndani ya gunia na kuyavunja kwa nyundo nyuma ya jiko. Kule Changamwe kulikuwa na karakana iliyokuwa ikikwangua tairi zilizokwisha ili zivishwe mpira mpya. Akazoea kwenda huko siku za mapumziko, akarudi na mfuko wa unga mweusi wa mpira ambao wenyewe waliuona taka. Alikuwa na hoja zake. Lami kuukuu, alisema, haijafa, imekauka tu. Ukiipasha moto na kuiongezea mpya kidogo inarudi kazini. Mpira nao unaifanya lami ivumilie, isilainike ovyo kwa jua wala isikatike kwa uzito wa malori. Mama alisema mwanawe ameoa takataka. Mimi nilicheka, lakini ndiye niliyemshikia chekecheke.

Kilichobaki kumshinda ni maji, na dawa ya maji aliitoa kwa baba.

Baba alikuwa mchoma chokaa. Alichoma mawe ya matumbawe kwenye tanuri mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha akayazima. Kuzima ni kuyanyunyizia maji: yanafuka mvuke, yanatoa joto la kuunguza mkono, yanapasuka, yanaanguka kuwa unga. Unga huo hufunikwa magunia siku saba ndipo uchekechwe. Siku saba, si sita. Ukiuharakisha zinabaki chembe ambazo hazijazimika, na chembe hizo zikipata maji baadaye, popote zilipo, huvimba na kupasua kilichozishika. Kipimo cha baba kilikuwa ulimi. Aliweka unga kidogo sana kwenye ncha. Chokaa iliyoiva hutulia, kama ile aliyoipaka mama kwenye tambuu yake. Isiyoiva huuma.

Kaka aligundua kwamba kokoto zikipakwa chokaa iliyoiva kabla ya kutiwa lami, haziachani na lami hata zikilowekwa. Alituonyesha kwa makopo mawili ya maziwa yaliyokaa na maji juma zima. Katika moja kokoto zilikuwa zimetakata kama zimeoshwa. Katika la pili, lenye chokaa, zilikuwa nyeusi vile vile. Alisimama juu ya yale makopo akitazamia tuseme neno, na mama akauliza nani kamruhusu kuchukua makopo yake.

Kiraka chake cha kwanza alikitia kimya kimya kwenye kona ya kwenda Bombolulu, upana wa sinia, hakumwambia mtu. Masika yakaja, yakapita. Barabara ikafumuka juu yake na chini yake, na kile kikabaki. Mhandisi wao, kijana wa bara asiyependa maneno mengi, alikiona, akauliza, na baada ya kukizunguka mara mbili akampa kaka kipande cha hatua kumi pale malori ya mawe ya Mwakirunge yalipoingilia barabara kuu. Hapakuwa na mahali pabaya kuliko pale. Akamwambia kipande hicho kikivuka masika, viraka vyote vya Kisauni vitatiwa kwa mchanganyiko wake, na yeye ndiye atakayewafundisha wenzake.

Sijui kama naweza kueleza ile ilikuwa nini kwake. Mtu aliyeacha shule darasa la sita angesimama mbele ya wenzake na kufundisha. Kulikuwa na msichana wa Utange pia, ambaye kaka alitaka aposewe, lakini alimwomba mama asubiri kwanza apate cheo. Mama alisubiri, na mezani ikawa hatuzungumzi kingine ila hatua kumi.

Chokaa ilikuwa kazi yangu. Yeye alishughulika na moto na lami, mimi nikanunua mawe yaliyokwisha kuchomwa na kuyazima ndani ya nusu ya pipa nyuma ya jiko, kama nilivyomwona baba.

Na mwaka ule ule mimi nilikuwa bibi harusi. Arusi ilipangwa mwezi wa Shaabani, tungeanzia maisha katika chumba cha uani pale pale kwetu, na shangazi za mume walikuwa waje kukiona. Kuta zake zilikuwa na madoa ya maji kuanzia juu mpaka chini. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na akili yangu yote ilikuwa kwenye zile kuta nne. Chokaa ya kaka ilikuwa tayari, imetimiza siku zake, imechekechwa, nyeupe inavutia. Majaribio ya barabarani yalikuwa yameshaahirishwa mara mbili, mara gari la kushindilia limeharibika, mara lami haikufika. Nikajiambia yataahirishwa tena. Nikaichota ile chokaa, nikapaka chumba changu mara mbili. Kilipendeza, siwezi kusema uongo. Kisha nikayanyunyizia maji mawe mengine, nikayafunika, nikahesabu siku saba mbele.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, kaka alikuja akihema. Gari limepatikana, lami imefika, kazi ni kesho asubuhi. Alisimama mlangoni mwa jiko, uso umemchangamka vile ambavyo sikuwahi kumwona tangu baba afe.

"Chokaa imeiva?"

"Imeiva."

Neno moja. Nimeligeuzageuza miaka yote hii na bado sijapata pa kuliweka. Ningesema haijaiva, angeniuliza ile ya mwanzo iko wapi, na angeinua macho aone ukuta wa chumba changu mweupe unametameta uani. Nilimwonea haya. Nilidhani pia kwamba siku tatu na saba si mbali sana, kwamba baba na masharti yake alikuwa mtu wa zamani. Niliuchekecha ule unga mara mbili kwa chekecheke ya unga wa mama, nao ulionekana sawa kabisa na mwenzake. Siku zote kaka alionja kabla ya kubeba. Siku ile alitia kidole, akausugua kati ya vidole viwili, akafunika pipa. Hakupeleka ulimini. Alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa nimemwambia imeiva.

Kazi ilitoka vizuri. Kile kipande kililala sawasawa, cheusi, hata mhandisi akakisifu. Shangazi za mume nao walisifu chumba. Niliolewa, kaka akabeba viti na masufuria na kuwakaribisha wageni tangu asubuhi, na watu wakasema bibi harusi ana ndugu.

Mvua zilikaza wiki mbili baada ya arusi. Mama alikuja kuniambia kwamba barabara ya kaka imetoka majipu. Nilivaa buibui nikaenda, nikasimama ng'ambo ya pili kama mpita njia. Lami ilikuwa imeinuka vidonge vidonge, kila kimoja kimepasuka juu na ndani yake kuna kitu cheupe, na magurudumu ya malori yalikuwa yameshaanza kuibandua. Mhandisi na wenzake walikuwa mbali, kwenye gari. Kaka alikuwa peke yake, amechuchumaa, amenipa mgongo. Nilimwona akiokota kitu, kisha akainamisha kichwa. Sikutaka kuona zaidi. Niligeuka nikarudi chumbani kwangu.

Alichomwambia mhandisi nilikipata kwa mama. Alisema kosa ni lake, alifanya haraka. Mhandisi hakugomba, alisema tu kwamba barabara si mahali pa kufanyia mambo ya jikoni, na kwamba watarudi kwenye njia inayojulikana. Kaka akapelekwa kuchimba mitaro mwaka mzima, halafu akarudishwa kwenye pipa lake la lami, afanye kama wanavyofanya wote. Gunia halikuja tena nyumbani. Msichana wa Utange akaolewa na mtu mwingine, na kaka hakumtaja mwanamke tena.

Nilitaka kumwambia. Nilitaka nilipojifungua mtoto wa kwanza, nilipomwona amempakata anamwimbia. Nilitaka mama alipofariki. Kila mara nilijipa sababu: leo ana furaha, nisimharibie; leo ana msiba, nisimwongezee. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la kujiita. Na kile kiraka cha upana wa sinia kilikuwa bado kipo kwenye kona ya Bombolulu. Nikienda sokoni nilikiona, kizima, na pande zote mashimo. Nilikizunguka, sikukikanyaga.

Katikati ya miaka ya tisini kifua kilimshika. Moshi wa lami, walisema, miaka ishirini ameinamia pipa. Sisi tulikuwa tumeshahamia Bombolulu, nikarudi nyumba ya baba kumuuguza. Alikuwa amekonda, sauti inatoka kwa vituo. Asubuhi moja alitazama kuta za chumba chake, zilivyoshika moshi wa jiko, akasema angependa zipakwe chokaa kabla ya Idi. Alisema ameangalia weusi wa kutosha.

Nilitafuta mawe yaliyochomwa, nikayapata. Nikayanyunyizia maji ndani ya ile ile nusu ya pipa, nikaliangalia likifuka mvuke, nikalifunika magunia. Niliporudi kwake mikono yangu ilikuwa na vumbi jeupe mpaka viwikoni. Aliiangalia.

"Ushaizima?"

"Nishaizima."

Akavuta pumzi kwa tabu.

"Mara hii ngoja zitimie siku zote saba, mdogo wangu."

Hakuwa mkali. Alisema kama anayenikumbusha chumvi kwenye mchuzi. Nikakaa chini pale pale kando ya kitanda. Siku ile barabarani, alipoinamisha kichwa, alikuwa ameweka ile chembe ulimini. Alikuwa anajua. Miaka yote aliyokuja kukaa chumbani kwangu akinywa chai, amezungukwa na chokaa yake ukutani, alikuwa anajua.

Nilimwomba msamaha, maneno yakitoka ovyo, kisha nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa na mume wa wiki mbili," alisema. "Ningekwambia nini?"

Hatukulizungumza tena. Siku ya pili aliuliza kama magunia yamefunika vizuri, asije kuku akaparua. Siku ya nne hakuuliza kitu. Alfajiri ya siku ya tano alikata roho, mkono wake ukiwa kwenye mkono wangu, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshazikwa karibu na baba.

Siku ya saba ya chokaa ilikuwa siku ya hitima yake. Uani kulijaa wanawake, watu walikuwa wakipakua wali. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikafunua magunia, nikauchekecha ule unga taratibu mpaka mwisho. Kisha nikachukua kidogo kwa kidole, nikaweka kwenye ncha ya ulimi. Haikuuma. Ilitulia pale ulimini, tamu kidogo, kama chokaa ya tambuu ya mama, na nikalia kwa sauti mpaka wanawake wakaja kuniinua.