Mabata wa Jumanne

Hadi alipofika umri wa miaka arobaini na tisa, Bushira hakuwahi kuingia kwenye maji yaliyompita magoti. Muuza viungo wa soko la Nakasero ana kazi gani na maji? Kutwa nzima alisimama nyuma ya magunia yake ya iliki, mdalasini na bizari, akisaga, akipima, akifunga, na jioni alirudi kwake Kansanga akapanda ngazi za nyumba kwa kushika ukuta. Magoti yalikuwa yamekwisha. Daktari alimwambia mambo mawili: apunguze kusimama, na aende akaogelee. La kwanza lilimchekesha. La pili lilimchekesha zaidi.

Aliyemkatiza kicheko hicho ni Aoko. Aoko alikuwa Mjaluo kutoka Kenya, pande za Homa Bay, aliyeishi Kampala miaka kumi na sita akiuza nyaya na balbu katika duka la vifaa vya umeme kando ya barabara ya Ggaba. Alijua kuogelea tangu utotoni, kama watoto wa ziwani wanavyojua, bila kukumbuka siku aliyofundishwa. Siku moja Bushira alikwenda kununua balbu, na Aoko akamtazama anavyoshuka kizingiti cha duka upandeupande kama kaa.

"Mama Nasif," alisema, "hayo magoti yanataka maji. Njoo Jumanne."

Nyuma ya stendi ya bodaboda palikuwa na hoteli ndogo yenye bwawa la kuogelea. Aoko alikuwa amezungumza na meneja, wakatengewa wanawake saa nzima kila Jumanne, saa moja hadi saa mbili asubuhi, na turubai likifungwa upande wa baa ili wasitazamwe. Bushira alikwenda ili Aoko aache kumsumbua. Alivaa suruali ndefu, kanzu nyepesi ya kufika magotini na kofia ya mpira juu ya kilemba. Aoko alimshika mgongoni, akamlaza chali juu ya maji. Na yale magoti, yaliyomtesa miaka sita, yakanyamaza kama watoto waliopewa chakula.

Hakukosa Jumanne hata moja baada ya hapo. Nasif, mwanawe, alimfungulia kibanda sokoni asubuhi hizo. Miaka miwili baadaye wanawake wale walikuwa kumi na mmoja: Wanubi kama Bushira na jirani yake Lailah, Wakenya watatu, Wakongo wawili, na Waganda wanne, akiwemo Moreen, msusi wa Kamwokya, mwanamke mnene mwenye mikono mirefu aliyepasua maji kuliko wote. Walisemezana Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa namna ya kwao. Vijana wa bodaboda waliwaita mabata. Aoko akalipenda jina hilo, na wao wakalichukua. Walibishana juu ya namna ya kuvuta pumzi kama watu wengine wanavyobishana juu ya mpira. Moreen alikiri kwamba saluni ikikosa wateja alisimama mbele ya kioo akipiga mikono hewani.

Jambo moja tu lilimshinda Bushira. Katikati ya bwawa palikuwa na mstari wa vigae vya buluu, na ng'ambo ya mstari huo miguu haikufika chini. Hakuwahi kuuvuka. Aoko alimbembeleza, akamtania, akamwacha.

Alhamisi moja mwezi wa pili, Aoko alipanda ngazi fupi dukani kwake, akateremsha boksi la balbu, akaliweka juu ya kaunta. Akasema kichwa kinamgonga. Akaketi. Gari lilipopatikana, alikuwa ameshakata roho. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Moreen ndiye aliyempigia simu Bushira sokoni. Bushira alikuwa akimpimia mteja iliki. Alisikiliza, akaweka simu, akapima, akamwaga, akapima tena, kisha akamwambia mteja, "Samahani, mwanangu, nenda kwa jirani. Leo sioni mizani."

Kifo cha ghafla hakikosi wa kukifasiri. Kabla jua halijazama, mtaa ulikuwa na jibu: maji yamemwingia kichwani. Wanawake watu wazima wanachezea maji kama watoto, walitarajia nini? Mume wa Lailah alimkataza kwenda tena. Wengine walijikataza wenyewe. Na Jumanne iliyofuata walikuta lango la bwawa lina kufuli.

Lakini kabla ya hiyo Jumanne palikuwa na matanga. Jumamosi alasiri, kaka yake marehemu, Owuor, alikuwa amefika kutoka Homa Bay kuuchukua mwili, na watu walikaa uani kwa Aoko chini ya hema. Mabata watano walikuja wakaketi nyuma kabisa, karibu na masufuria, kama watu wasiojua kama wamealikwa. Owuor alikuwa mrefu, mwenye mvi, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Alishukuru majirani na wenzake Aoko wa dukani, kisha akasema:

"Na wale wa kuogelea, wako wapi?"

Shingo ziligeuka. Moreen aliinamisha kichwa. Bushira alijua kwamba wasipojibu sasa watakuwa wamekiri. Akashika bega la Moreen, akasimama.

"Tuko hapa, baba. Sisi ndio tuliokuwa naye majini. Kama una neno, tuambie mbele ya watu."

Owuor alimtazama. "Neno ninalo, mama. Nimekaa na daktari jana, amenieleza. Ni mshipa wa kichwani uliopasuka. Presha. Mama yetu mzazi alikufa hivyohivyo, jikoni, mwiko mkononi, akisonga ugali. Na kwetu hakuna mtu aliyeulaumu ugali."

Mtu mmoja alicheka akajizuia, kisha wengi wakacheka.

"Dada yangu alikuwa mtu wa kazi," Owuor aliendelea, "alikuwa mbali na kwao, na hakuzaa. Nilikuwa nikijiuliza anaishi na nani huku. Sasa nimewaona. Basi njooni mbele. Hamwezi kukaa kwenye masufuria kama wageni."

Walihamia mbele. Siku ya pili, gari lililobeba jeneza lilipotoka Kansanga, waliandamana nalo kwa miguu hadi barabara kubwa, na waliowasengenya walisimama milangoni kuwatazama wakipita.

Lakini kufuli lilikuwa palepale.

Meneja wa hoteli, Ephraïm, alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu mpole aliyechukia ugomvi. Bushira na Moreen walipomwendea, aliwakaribisha viti.

"Mama, mimi siamini maneno ya mtaani," alisema. "Lakini sema ukweli. Siku zote Aoko ndiye alikuwa anawaangalia. Alijua kumtoa mtu kwenye maji. Asubuhi mimi sina mlinzi. Mmoja wenu akizama, nitaambia nini watoto wake? Leteni mtu mwenye cheti cha uokoaji, hata kesho nitafungua."

Bushira alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Mtu huyu alikuwa amesema kweli.

Walikutana saluni kwa Moreen, saba kati yao. Waokoaji waliokuwa wakijulikana mjini walikuwa wanaume, na mwanamume asingeweza kuketi pale saa yao. Basi ni lazima awe mmoja wao. Macho yote yalimwendea Moreen.

"Nani ataniangalizia saluni?" alisema Moreen. "Mafunzo ni asubuhi tatu kila wiki. Wateja wangu watakwenda wasirudi."

"Nitakwenda mimi," alisema Bushira.

Kikaushio cha nywele kilizimwa.

"Mama Nasif," Moreen alisema polepole, "wewe hata ule mstari hujauvuka."

"Ndiyo. Lakini mimi nina mtoto wa kunifungulia kibanda, wewe huna. Na Aoko hakuanzisha jambo hili ili lizikwe pamoja naye."

Nyumbani, Nasif alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye haya kuliko mama yake. "Mama, kwa umri wako? Watu watasema."

"Wacha waseme. Wewe usichelewe kufungua."

Mwalimu aliyempata alikuwa Afande Nabangala, mwanamke aliyestaafu kutoka polisi wa majini baada ya miaka ishirini na miwili ziwani. Alifundisha katika bwawa la shule moja upande wa Ggaba, akivaa kaptula ya kijeshi na filimbi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Jina?"

"Mama Nasif."

"Hapa hakuna mama. Hapa iko mtu anazama na iko mtu anaokoa. Wewe iko gani?"

"Bado sijajua, Afande."

"Ruka, tutajua."

Bushira alisimama kwenye ukingo wa upande wa kina dakika ishirini. Wanafunzi wengine, vijana watatu wenye vifua vipana, waliruka, wakatoka, wakaruka tena. Nabangala hakumsukuma. Mwishowe alikuja akasimama kando yake, wote wakitazama maji.

"Afande, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Miaka ishirini na mbili natoa watu kwa ziwa, kila siku naogopa. Kuogopa haina shida. Kusimama ndiyo iko na shida."

Bushira akaruka. Maji yalimwingia puani hadi nyuma ya macho. Alishuka, akatafuta sakafu kwa vidole vya miguu, hakuipata, akapiga mateke kwa hasira zaidi kuliko kwa ujuzi, na alipotoa kichwa nje alisikia sauti ikipiga kelele, akatambua kuwa ni yake.

"Sawa," alisema Nabangala. "Tena."

Kwa wiki tisa aliruka tena. Alijifunza kwamba anayezama hapigi kelele. Kwamba humpanda mwokozi wake kama ngazi. Kwamba humwendei kwa mbele bali kwa nyuma, unampitishia mkono chini ya kwapa, unamwinua kidevu, unamvuta ukimsemesha. Sokoni, mikono ilimchoka akifunga vipakiti vya bizari. Usingizi alioupata siku hizo hakuupata tangu akiwa msichana.

Siku ya mtihani, Moreen alifunga saluni akaja kuwa mtu anayezama. Alikuwa na uzito wa Bushira mara moja na nusu, na aliifanya kazi yake vizuri mno. Bushira alipomfikia, Moreen alijigeuza akamkumbatia shingo. Wakashuka wote wawili. Bushira akajinasua, akamwachilia, akaogelea peke yake hadi ukingoni, akaushika.

Nabangala aliandika kitu kwenye karatasi yake. "Umeanguka. Rudi baada ya wiki tatu."

Juu ya bodaboda, akirudi Kansanga, Bushira alilia, na haikuwa kwa sababu ya cheti. Alikuwa akimwona Aoko ameketi kwenye kiti cha dukani na watu wamemzunguka. Siku ile hakuna aliyeweza kufanya lolote. Hakuna mkono ambao ungefika ndani ya kichwa chake. Lakini Moreen alikuwa mikononi mwake, mzima, mzito, na yeye amemwachia. Alipanda ngazi za nyumbani akisema peke yake, kwa sauti, kiasi cha Nasif kutoka nje kuuliza kulikoni.

"Simwachii tena," alimjibu.

Wiki tatu baadaye Moreen alimkumbatia tena shingo. Bushira alivuta pumzi, akazama naye kwa hiari yake, kwa kuwa anayezama huchukia kwenda chini na atakuachia ukimpeleka huko. Mikono ya Moreen ilifunguka. Bushira akampitia nyuma, akamshika chini ya kwapa, akamwinua kidevu. "Nimekushika," alimwambia, "nimekushika, lala, usinisaidie." Akamvuta mita ishirini na tano hadi ukingoni. Vijana wenye vifua walipiga makofi. Nabangala hakupiga, lakini alipuliza filimbi mara moja, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Cheti kilipotoka, jina liliandikwa Bushila.

"Eh! Huyu karani ni Muganda, kwake r na l iko kitu moja," alisema Nabangala. "Tutaandika ingine. Wiki mbili tu."

"Acha, Afande. Ephraïm anataka cheti. Jina langu analijua."

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa sita, kufuli lilitolewa. Walikuja watano, mbali na Bushira. Lailah hakuwemo, mume wake hakubadilika, na mpaka leo hajabadilika, ingawa Lailah hupita sokoni kuuliza nani sasa anaweza kupiga mbizi. Mvua ya manyunyu ilikuwa ikianguka, na Wakongo wawili waliingia wakipiga mayowe ya baridi.

Bushira alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo kuliko wote. Alifunga kofia yake, akasogea ukingoni, kisha akasimama. Mlinzi haogelei. Akiingia yeye, nani atawatazama? Akachukua ufito mrefu uliolala kando ya ukuta, akaanza kutembea polepole kuzunguka bwawa, akihesabu vichwa. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Alipokuwa akihesabu hivyo alianza kukumbuka Jumanne zote za miaka ile miwili, na hakuweza kukumbuka kumwona Aoko akiogelea zaidi ya dakika tano, mwishoni, wenzake wakiwa tayari wanajifuta. Mtu aliyependa maji kuliko wote alikuwa amesimama ukingoni saa nzima kila wiki, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alitembea mzunguko mwingine. Kisha akagonga ufito kwenye vigae hadi Moreen akatoa kichwa majini.

"Moreen! Mwezi ujao unakwenda kwa Afande."

"Na saluni?"

"Tutakaa saluni kwa zamu, hata kama ni kufagia tu. Mimi sitasimama hapa hadi kiama. Na mimi nataka kuogelea."