Diski za Muleba

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata chai huiacha ikapoa. Nilikuwa kijana, mtunza hifadhidata wa kampuni moja ya kununua kahawa hapa Bukoba, na tawi la Muleba lilikuwa mikononi mwa Koku. Koku nilimfundisha mimi mwenyewe. Alikuja hajui hata kuzima seva, nikamwonyesha yote kwa moyo mweupe. Kumbe moyo mweupe ni rahisi pale unayemsaidia angali chini yako.

Msimu wa kahawa ulipoanza, foleni yangu ilifika barabarani. Kila gunia likipimwa, uzito uliandikwa kwenye hifadhidata, na mkulima hakupewa risiti mpaka diski ithibitishe kwamba umeandikwa. Wazee walikaa juu ya magunia yao wakitafuna akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, na kunitazama dirishani. Kule Muleba, wakulima wa Kagoma na Ijumbi walimaliza mapema wakarudi kwenye ebitoke, ndizi zao za kupika. Programu ilikuwa ile ile, magunia karibu sawa. Na mkuu wetu, Mzee Ishengoma, alikuwa anakaribia kustaafu. Mmoja kati yangu na Koku ndiye angerithi kiti chake.

Niliona wivu, mwanangu. Sisemi huzuni wala mashaka. Wivu, ule wa kukosa usingizi. Nikasikia Koku amepelekewa diski mpya, nikasema ndiyo hiyo, anapendelewa. Kila asubuhi nikamwendea Mzee Ishengoma na wimbo mmoja: makao makuu ndiyo yanayostahili diski nzuri. Akaniuliza, "Umemuuliza mwenzako anafanyaje?" Nikajibu sina haja. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini mimi nilijiona mwalimu, na mwalimu akamuulize mwanafunzi?

Mwishowe mzee alichoka, tukabadilishana. Jumapili baada ya ibada diski za Koku zikaja kwangu, zangu zikaenda Muleba. Hakugomba. Jumatatu mimi nikavaa shati jipya.

Foleni ikafika barabarani vile vile. Nikapiga simu Muleba nikitumaini, Mungu anisamehe, kusikia kilio. Nikaambiwa wamemaliza zamani, kwa zile diski zangu kuukuu!

Mzee Ishengoma akamwita Koku. Koku akaja, akaniamkia kwa heshima ile ile ya siku zote, akaketi mbele ya kioo cha kompyuta yangu. "Kaka, tazama, diski zako zimelala. Hifadhidata yako inatuma ombi moja la kuandika, inasimama kungoja jibu, ndipo itume lingine. Ya kwangu niliiruhusu itume mengi kwa pamoja na kuendelea na kazi. Majibu inayapokea kadiri yanavyofika."

Nikamrukia. "Basi wewe unatoa risiti kabla uzito haujaandikwa! Umeme ukikatika je?"

"Hapana, waitu," akanijibu kwa adabu ya Kihaya. "Risiti ya mkulima haitoki mpaka diski ithibitishe uzito wake. Lakini tukimngojea huyu, wa nyuma yake kazuiwa na nini asianze safari?"

Nilikuwa mpishi mwenye meko manne anayekodolea sufuria moja, halafu analalamika kwamba sufuria za jirani ndizo nzuri. Koku akabadilisha mpangilio mmoja, tukaiwasha hifadhidata upya, na kabla ya chai ya saa nne wazee walikuwa wameanza kuinuka juu ya magunia.

Mzee Ishengoma akasema, "Ulitamani vyombo vyake. Hukutamani ujuzi wake, na huo angekupa bure." Koku akainamisha kichwa. "Ungenipigia simu tu, kaka. Ningekwambia siku ile ile." Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Kiti alipewa Koku, nikafanya kazi chini yake mpaka nikastaafu. Na usidhani nimepona. Hata leo akisifiwa kanisani, najifanya natafuta miwani.

Basi sikia, mwanangu. Usione vyaelea, vimeundwa. Mashine yako ikichelewa, kabla hujaitamani diski ya jirani tazama kama ya kwako inafanya kazi au inangoja kutumwa. Ikiwa imeelemewa kweli, kuirundikia maombi hakutaisaidia, hapo omba nyingine bila aibu. Subira huvuta heri, nakubali, lakini subira ya kusimama mikono mifukoni sijaiona ikipima hata gunia moja. Na usiache kuthibitisha kwa kisingizio cha haraka. Wivu nao utakushika, wewe si malaika. Ukikushika, uchukue uende nao mpaka kwa huyo anayekutia wivu, umuulize: umefanyaje?

Mungu akupe mwenzako anayekuzidi, na akupe ulimi wa kumuuliza kabla kiti hakijapata mwenyewe.