Ringi Niliyoigonga Misani

Wa kulaumiwa wa kwanza ni Agustino, katekista wetu hapa Mgwashi, na ninamtaja wazi. Misa ilipogeuzwa Kiswahili, aliificha kengele ya altare, eti ni mambo ya Kilatini. Tangu hapo Padre akiinua Hostia watu wanaulizana bei ya viazi, na Hermani, mpiga ngoma wa kwaya, anajikuna mgongo kwa kijiti cha ngoma. Mimi nilitamani wapige magoti kwa hofu ya Mungu, kama zamani.

Nje ya kanisa inaning'inia ringi ya lori, ya kuwaitia watu shamba la ujamaa. Jumapili nikatoka kimyakimya na nondo. Hostia ilipoinuliwa, nikagonga mara tatu.

Kanisa likanyamaza. Machozi ya furaha yakanitoka. Kumbe walikuwa wanahesabu! Kijijini kwetu ringi ikigongwa mara tatu ni ishara ya moto. Wakatoka mbio, Hermani mbele, wakamwacha Padre peke yake, mikono juu. Huku Walutheri na Waislamu wanapanda mlima na ndoo na mapanga.

Mwaka jana nililala mahabusu siku tatu kwa kukosa palizi ya kijiji tu, na Mwenyekiti Hoza alishaapa kwamba atakayegonga ringi bure atakwenda ndani. Akasimama mbele yangu akihema. Hoza huyu nilimwona akizaliwa, lakini nondo ilikuwa mkononi mwangu.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nikasema.

Watu wote wakasikia.

"Marahaba, Mzee Filipo," akajibu. "Moto uko wapi?"