Siku Mama Alipofagia Nyayo za Rajabu

Nilipokuwa mtoto, kwetu Mbuchi uwanja haukufagiwa nyuma ya msafiri. Mtu akitoka nyumbani kwenda mbali, nyayo zake ziliachwa mchangani zilale usiku mmoja, ndipo naye aijue njia ya kurudi. Ukizifagia siku ile ile, umemfungia mlango. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyetufundisha hivyo, kwa sauti ile ile aliyotufundishia Alhamdu. Sisi watoto hatukujua kwamba moja lilikuwa dini na jingine halikuwa.

Sasa nina wajukuu. Shule niliishia darasa la saba, Kurani nimeihitimu, na ninajua kwamba kwenda na kurudi kwa mja kumo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, si kwenye mchanga. Lakini tumemzika mama yangu juzi juzi hapa, na tangu tumemzika namfikiria sana yeye na ufagio wake wa chelewa.

Kaka yangu mkubwa, Rajabu, alijifunza kuimba shambani. Mpunga ukianza kutoa masuke tulihamia kwenye dungu, kile kibanda kinachosimama juu ya miti, tukaamia ndege kutwa nzima. Sisi wengine tulipiga kelele na kurusha madongo. Yeye aliimba. Alikuwa na gitaa alilolitengeneza kwa galoni la mafuta ya taa, nyuzi zake mshipi wa kuvulia, na rafiki yake Kibwana akimpigia debe kwa viganja. Mama akipita chini na jembe begani alikuwa akimwambia, "Rajabu, hao ndege hawaondoki. Wametua wanakusikiliza."

Mwaka mmoja bendi ya Dar es Salaam ilikuja kupiga harusini Kibiti. Mkubwa wa bendi akawasikia wale vijana wawili, akawaambia wamfuate. Mkesha wa safari watu walikuja kwetu kuwaaga kwa ngoma, na kulipokucha uwanja ulikuwa umejaa maganda ya miwa na majivu. Baba alikuwa ameshafariki. Bibi aliwasindikiza mpaka kivukoni, mimi nikabaki na mama.

Hawajafika mbali, tukasikia vilio nyumba ya jirani. Mtoto wa Bi Zuhura, aliyekuwa na homa kali, amefariki. Uwanja wa Bi Zuhura ulikuwa mdogo, na kila ukitokea msiba upande ule wanawake walikaa kwetu. Mara nikawaona wanakuja, mikeka kwapani.

Mama alisimama mlangoni akautazama uwanja. Katikati, kutoka kizingitini hadi njiani, zilikwenda nyayo za Rajabu. Alikuwa amevaa raba mpya, na soli zake zilikuwa zimeacha mistari mchangani kama iliyochorwa. Mama akachukua ufagio. Alianzia pembeni, akazizunguka nyayo zile taratibu kama anayepalilia miche. Wanawake wakafika, wakasimama na mikeka yao, hawana pa kuitandika. Mama akainama akazifagia zote.

Bibi aliporudi kutoka kivukoni alisimama penye ukingo wa uwanja.

"Nani kafagia hapa?"

"Mimi, mama."

"Mama Rajabu! Na jua halijafika hata utosini?"

"Watu wanataka pa kukaa, mama," mama akasema. "Zuhura amefiwa."

Bibi aliushika mti wa baraza, akautazama ule mchanga safi. "Haya. Mwanao umempeleka moja kwa moja," akasema. Kisha akaenda kukaa na wafiwa. Hakulisema tena jambo lile mpaka anaingia kaburini, na kwa mama hilo lilikuwa zito kuliko kama angelisema kila siku.

Rajabu akawa mkubwa. Wimbo wake wa kwanza redioni ulikuwa ule ule wa dunguni, wa kuamia ndege, na watu wa mjini waliucheza wamevaa tai. Kibiti ikawa yake. Stendi hapakukosa mtu wa kumwambia abiria wa mabasi ya Lindi, "Huyo unayemsikia ni wa kwetu huyo!" Kinyozi alitundika picha yake. Waliosema wamekaa naye dawati moja walikuwa wengi kuliko shule yetu nzima. Walisema ana ghorofa. Walisema ana magari, na hili la leo si la jana. Mama, akimsikia kwenye redio ya jirani, aliushika mchi kifuani asitwange mpaka wimbo uishe.

Salamu zilikuja, na kanga, na sukari ya Ramadhani. Na kila Idi alisema atakuja. Hakuja.

Mama naye hakuifagia tena ile njia ya kutoka kizingitini. Kulia alifagia, kushoto alifagia, pale katikati aliacha. Majani yakaanguka juu ya majani. Wanawake walimtania, "Mama wa staa unakaa porini!" Alicheka nao, na hakufagia.

Kisha Kibwana akarudi. Nilikuwa nimeolewa Kibiti wakati huo, nikiuza vitumbua stendi, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Alishuka na begi moja, amekonda.

"Mzee Kibwana, gari unaliegesha wapi?" kijana mmoja akamwuliza.

"Mwache bwana, linakuja nyuma na dereva!" mwingine akadakia.

Stendi nzima ikacheka. Kibwana naye alicheka. Akaenda zake Mbuchi kulima mpunga, na mpaka leo akiwa na haja ya kitu Kibiti anaagiza mtu.

Baadaye nilisikia Rajabu anaumwa kifua, nikaenda Dar es Salaam kumwona. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga. Gitaa lilining'inia ukutani, kamba mbili zimekatika.

"Shikamoo kaka. Mama anakungoja."

"Marahaba, Mwajuma. Anafagia?"

"Anapaacha pale pako."

"Nilisikia walivyompokea Kibwana," akasema. "Na yeye alikuwa mpiga tumba tu. Mwenye jina ni mimi. Mimi watanifanyaje?"

"Mama hataki gari, kaka."

"Najua. Lakini kwa mama hufiki bila kupita kwa watu."

Niliporudi nilimweleza mama yote. Alikuwa anapepeta mchele, na ungo haukusimama.

"Si ufagio, mama," nikamwambia. "Ni aibu tu."

"Rajabu hawezi kunionea aibu mimi," akasema. "Ni mimi, Mwajuma. Nilimfagia."

Rajabu alifariki Dar es Salaam, akazikwa huko huko siku hiyo hiyo. Redio ilitangulia kutuambia kabla ya simu ya ndugu. Stendi ya Kibiti walipiga nyimbo zake mpaka jua likazama, na niliwaona wakilia wale wale waliomcheka Kibwana. Walilia kweli, siwezi kusema walijifanya. Mama miguu haikumruhusu kusafiri. Kaburi la mwanawe hakuliona. Na njia ile bado hakuifagia.

Kwa miaka mingi niliona uchungu kwamba mama, mtu wa sala tano, anazeeka na imani kama ile. Nilimwombea aachane nayo. Siku hizi naona labda nilikuwa simwelewi. Kama haukuwa ufagio, basi ni Rajabu aliyeamua kutokuja kumwona mama yake, au ni majirani waliomfungia njia kwa sifa zao na vicheko vyao. Mama asingeweza kuishi na lolote kati ya hayo. Akalichukua kosa yeye mwenyewe, likawa lake peke yake, akamwacha mwanawe hana hatia na majirani akala nao. Kama ni dhambi, namwomba Mola amsamehe. Kama ni upendo, Mola anaujua kuliko mimi.

Siku ya maziko yake wanaume walilichukua jeneza baada ya adhuhuri, wakatoka nalo kwa njia ile ile ya katikati. Sisi wanawake tukabaki. Watu wa Mbuchi na wa Kibiti walikuwa bado wanaingia, na uwanja mzima umejaa majani na taka za msiba. Mjukuu wangu Saida alishika ufagio, akasita.

"Bibi, nisifagie kwanza? Bibi mkubwa ndiyo ametoka sasa hivi."

Nilitazama nyayo za wale waliombeba, zimekwenda juu ya majani mpaka njiani.

"Fagia, mjukuu wangu," nikamwambia. "Watu wanataka pa kukaa."

Akafagia, kutoka kizingitini. Chini ya yale majani ya miaka yote mchanga ulikuwa mweupe. Nikatandika mkeka juu yake, nikakaa.