Mraba Mwekundu

Fundi wetu wa kompyuta hafuti kitu kabla hajakikagua. Hufungua programu inayoichora diski nzima kwa miraba ya rangi, faili kubwa mraba mkubwa, kisha huipapasa kwa ukucha wa kidole kidogo, kwaru, kwaru, huku akiitania: "Ona huyu alivyonona! Nani anakulisha?" Leo asubuhi nilimpelekea kompyuta ya marehemu dada yangu. Tangu msiba ilikuwa ikiwaka chumbani kwake, hakuna aliyethubutu kuizima. Sasa ilikuwa imejaa, nami nilihitaji nafasi ya kuandikia tasnifu yangu. Mraba mmoja mwekundu ulifunika karibu kioo kizima. "Ni folda nzima ya rekodi za sauti hii," alisema. "Alikuwa anajirekodi?" Nilimweleza kwamba mama alizoea kumcheka dada kwa kuongea usingizini, naye akaweka programu ya kumrekodi kila usiku ili apate cha kumbishia. "Basi imeendelea kurekodi chumba kitupu. Tufute, mdogo wangu?" Nikaitikia. Hata hivyo alivaa hedifoni, kama kawaida yake, akafungua faili ya jana. Ukucha ulisimama. Alisikiliza kwa muda mrefu, kifua chake kikipanda na kushuka taratibu, kana kwamba kinafuata pumzi za mtu mwingine. "Jana nani alilala humo?"

"Hakuna, fundi. Mlango tunaufunga kwa ufunguo."

Alizivua hedifoni polepole, akazilaza mezani bila kuzigongesha, akanisogezea kipanya. "Futa wewe," alininong'oneza. "Mimi simwamshi mtu."